Swaumu na Njaa Isiyo ya Tumbo

Kila siku ya kazi, saa tisa na nusu alasiri, Swaumu Kibwana alifunga masjala. Alikuwa karani wa mafaili katika ofisi moja ya serikali mjini Kibaha. Alizima feni, akaaga wenzake, akaanza kutembea kuelekea nyumbani.

Nyumbani hakukuwa mbali. Ni dakika ishirini kwa miguu. Swaumu alitumia saa nzima.

Kwanza alisimama kwa muuza mihogo ya kukaanga, karibu na kijiwe cha bajaji. Alinunua vipande sita, akala amesimama, uso ameuelekeza ukutani. Hakusikia ladha ya chumvi wala ya pilipili. Alimeza tu. Mbele kidogo palikuwa na duka lenye friji. Hapo alikunywa soda ya chungwa, chupa nzima. Siku ambazo moyo ulikuwa mzito zaidi, aliongeza mandazi mawili. Kisha alifuta mdomo kwa pembe ya mtandio na kushika njia.

Akifika nyumbani alikuwa mtu mwingine. Binti yake Firdausi, msichana wa miaka ishirini, alimtengea chakula kama walivyoelekezwa kliniki: ugali wa dona kiasi cha ngumi, mchicha mwingi, kipande cha samaki. Swaumu alikula nusu.

"Mama, umeshiba kweli?"

"Nimeshiba, mwanangu. Siku hizi mimi ni mtu wa kudokoa."

Firdausi aliridhika. Mama yake alikuwa na kisukari mwaka wa nne sasa, na alionekana kukiheshimu.

Mambo ya njiani yalianza baada ya msiba. Mama yake Swaumu, Bi Kudra, alifariki huko Mzenga, wilaya ya Kisarawe. Kwenye matanga Swaumu hakutoa chozi. Alipika, akapakua, akawapa watu maji ya kunawa. Wanawake walimsifu. "Huyu ndiye mtoto wa kike," walisema. "Ameshika moyo." Swaumu alirudi Kibaha, akafungua masjala kama kawaida. Jioni ya siku hiyo ndipo aliposimama kwa muuza mihogo kwa mara ya kwanza.

Kliniki ilikuwa Alhamisi moja kila mwezi. Swaumu alikuwa na ujanja wake. Jumanne na Jumatano za wiki hiyo hakutia kitu tumboni ila maji na chai kavu; nyumbani alisema amekula kazini. Vidonge aliendelea kumeza. Mikono ilitetemeka, jasho jembamba likamtoka, akavumilia. Alhamisi asubuhi alitoa kidole, nesi akachoma, tone la damu likawekwa kwenye mashine.

"Sita nukta moja," alisema nesi. "Hongera, mama. Ungekuja kuwafundisha wenzako hapa."

Swaumu alitabasamu. Alipotoka getini alikwenda moja kwa moja kutafuta mandazi.

Mwezi wa tano, kiatu kipya kilimchubua kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Hakusikia maumivu, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeanza kuua hisia za nyayo. Aliyegundua ni Firdausi. Alikuwa anafua soksi za mama yake, akaona usaha. Walipokwenda hospitali, kidole kilikuwa kimeshaanza kuwa cheusi.

Daktari alikitazama kidole, akalitazama daftari la kliniki, akarudi kwenye kidole.

"Mama, hivi viwili havisemi jambo moja. Daftari linasema sukari yako ni nzuri. Kidole kinasema vingine. Nitakupima kipimo kikubwa."

"Kikubwa kivipi?"

"Ile mashine ya kuchoma kidole inasema habari ya saa ileile tu. Hiki kinasema sukari imekuwaje kwa miezi miwili, mitatu iliyopita. Hakijali jana ulikula nini."

Majibu yalipotoka, daktari aliyasoma bila kupamba.

"Kumi na mbili nukta nne. Kwa mtu kama wewe tunataka isizidi saba hivi. Kidole hiki kimekufa, tutakikata. Kidonda kikipona, tumemaliza. Sukari ikibaki juu hivi, kupona itakuwa shida. Kisipopona tutakata tena, na safari hiyo haitakuwa kidole."

Jumatatu iliyofuata kidole kilikatwa. Swaumu alirudi nyumbani na mguu wenye vidole vinne na bandeji nene. Aliambiwa asikanyagie mguu huo.

Jumamosi mume wake, Latifu, alirudi kutoka Kwala. Alikuwa dereva wa mashine ya kubebea makontena, na nyumbani alikuja mwisho wa wiki tu. Dada yake Biasha, aliyekaa mtaa wa pili, alikuja pia. Swaumu alikuwa amelala chumbani. Mlangoni palikuwa na pazia tu. Alisikia kila neno.

"Ni ulafi," alisema Biasha. "Tuseme kweli, kaka. Mkeo anaitwa Swaumu na kufunga mdomo hajui."

"Usimseme hivyo. Ndivyo alivyoumbwa. Kwao wote hawana breki. Baba yake alikuwa vilevile. Utamlaumu mtu kwa umbile lake?"

"Kwa hiyo tukae tuutazame mguu uoze, kwa kuwa ni umbile?"

Firdausi aliingilia. "Ni mazoea, shangazi. Nimekwenda kwa yule muuza mihogo. Anasema mama hufika saa ileile kila siku. Haagizi kitu. Akimwona tu, anamfungia vipande sita."

"Vipande sita," alirudia Latifu polepole. "Na akija hapa tunamwonea huruma kwamba hali."

Swaumu aliingiza mkono chini ya mto. Alikuwa na paketi ya biskuti aliyoletewa na mgeni hospitalini. Aliifungua taratibu ili isitoe sauti. Alikula ya kwanza akijidharau. Kadiri alivyojidharau ndivyo alivyokula, mpaka paketi ikaisha.

Kesho yake, Jumapili, alikuja Mama Lusajo, jirani wa nyumba ya tatu. Jina lake ni Evaline, mzaliwa wa Tukuyu. Alifanya kazi ya ushauri wa wagonjwa katika kituo kimoja cha afya. Chuoni alisomea saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia za watu. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Pole, Mama Firdausi. Hebu nikuinulie mto ukae vizuri."

Aliinua mto. Karatasi ya biskuti ikaanguka sakafuni.

"Hii amekula nani?"

"Labda mtoto."

"Mtoto yupi? Mdogo kuliko wote humu ana miaka ishirini."

Swaumu alitazama dirishani.

"Sijaja kukukamata," alisema Mama Lusajo. "Mimi si polisi wa biskuti. Nataka kujua jambo moja. Ulikuwa na njaa?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unakula nini?"

Swaumu alikunja na kukunjua pembe ya shuka. "Nilikuwa nakula maneno ya wifi yangu," alisema mwishowe.

Baada ya hapo alisema yote: maneno aliyoyasikia nyuma ya pazia, mihogo, soda, mandazi, na siku mbili za kufunga kabla ya kliniki. Mama Lusajo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakaa wima.

"Siku mbili huli na vidonge unameza? Unajua kwamba sukari ingeweza kushuka ghafla ukaanguka na kuzimia? Ungekufa huku daftari likisema hongera."

"Niliogopa kugombezwa."

"Daktari akipewa uongo anatibu uongo. Baba Firdausi yupo? Na wifi yako? Niwaite?"

Swaumu alivuta pumzi. "Waite. Nimechoka kujificha."

Walikaa sebuleni, Swaumu kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Biasha alikuwa amekuja na mapapai mawili.

"Nasikia jana hapa palikuwa na mahakama," alianza Mama Lusajo. "Mshitakiwa alikuwa nyuma ya pazia. Sasa niwaambie. Wasomi wa tabia wamebishana jambo hilihili kwa zaidi ya miaka mia. Kwa nini huyu anakula kwa kiasi na yule hawezi kujizuia? Kila kundi lina maelezo yake. Maelezo ya namna hiyo wanayaita nadharia. Baba Firdausi, wewe jana ulisema umbile. Lipo kundi la wasomi upande wako."

Latifu alimtazama dada yake kwa ushindi.

"Wanasema kila mtu ana mwelekeo wake," aliendelea Mama Lusajo, "na sehemu yake huzaliwa nao. Yupo mtulivu, yupo mwenye wasiwasi. Yupo mwenye mpango, yupo mwenye haraka. Mwenye wasiwasi na haraka akiguswa moyo, mkono unafika kwenye chakula kabla akili haijafika. Lakini usifurahi sana. Mwelekeo si hatima. Ukijua nyumba yako iko bondeni unachimba mtaro. Hukai kusubiri mafuriko useme ndivyo kiwanja kilivyoumbwa."

"Sasa mtaro wetu ni upi?" aliuliza Latifu.

"Wa kwanza, biskuti na soda zisilale humu ndani. Unajua mtu wako ni wa haraka, halafu unaacha jaribu lilale humu naye?"

"Na mimi niliyesema mazoea?" aliuliza Firdausi.

"Wewe una kundi kubwa tu. Wao wanasema tabia hufundishwa, hata kama hakuna mwalimu. Saa tisa na nusu mama anafunga masjala. Hiyo ni kengele. Anakula mihogo, moyo unatulia kidogo. Huo ni ujira. Rudia mara mia, miguu itajua njia yenyewe."

"Ni kweli," alisema Swaumu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Kuna siku nimejikuta nimeshasimama pale kwa mihogo, na sikumbuki nimetembeaje."

"Basi ukirudi kazini, ibadilishe kengele. Saa tisa kula yai la kuchemsha na tango hukohuko ofisini, usitoke na tumbo tupu. Kisha panda bajaji hadi mlangoni. Mguu wenyewe hautaki kutembezwa."

Biasha alikohoa. "Mbona mimi hunipi kundi?"

"Wewe, wifi, huna nadharia. Una mdomo."

Firdausi alicheka, na hata Biasha mwenyewe akacheka. Mama Lusajo hakucheka.

"Lakini lipo kundi linalokuhusu. Linasema mtu hujitunza akijiona ana thamani. Ukimwita mtu mlafi kila siku, anaamini. Na mtu anayejiona takataka, aokoe mguu wa nani? Muulize wifi yako alifanya nini jana baada ya neno lako."

"Ulifanya nini, wifi?" aliuliza Biasha.

"Nilikula biskuti. Paketi nzima."

Biasha aliinama akaanza kukunjua na kukunja pindo la khanga yake.

"Na nyinyi wengine msijione wasafi," alisema Mama Lusajo. "Jana mlikula nini hapa?"

"Pilau," alisema Latifu. "Na soda."

"Na yeye mkampelekea kisahani cha mchicha chumbani, peke yake, kama mtoto wa kambo. Wapo wasomi wanaosema mtu hujifunza kwa kuwatazama wenzake. Akiwaona wenzake wanaweza, naye anaamini anaweza. Chakula chake kiwe chakula cha nyumba. Kitawafaa hata nyinyi. Baba Firdausi, tumbo lako hilo nalo linahitaji kuzungumzwa."

Latifu alivuta shati lake mbele.

Mama Lusajo aligeuka kwa Swaumu, akashusha sauti. "Limebaki kundi moja, la zamani kuliko yote. Wanasema mengi yanatoka utotoni, yamefukiwa ndani, hata mwenyewe hayaoni. Mimi sikubaliani nao kwa kila jambo. Ila swali lao ni zuri. Ulipokuwa mtoto, ukilia, watu walikufanyaje?"

Swaumu alifikiri. Nje mtu alikuwa anachota maji kwenye pipa. Alisubiri mpaka sauti ile ikaisha.

"Niliwekwa ndani nikiwa na miaka kumi na tatu," alisema. "Mwali. Ndiyo mila yetu, sisemi ni mbaya. Miezi miwili, Mzenga. Nilikuwa nasikia wenzangu wakipita nje kwenda kisimani, nami nalia. Mama anakuja na sinia. Wali wa nazi, kuku, uji wa karanga. Anasema, 'Kula, mwanangu. Mwali halii, mwali ananenepa.' Nakula, nanyamaza. Siku ya kutolewa, wanawake waliyaimba mashavu yangu. Hawakuimba kitu kingine."

Latifu alimtazama mkewe. "Hujawahi kunisimulia."

"Hujawahi kuniuliza."

"Lakini na mimi niliwekwa ndani," alisema Biasha, safari hii kwa upole. "Nililishwa vilevile. Mbona mimi siko hivyo?"

"Ndiyo maana nadharia moja haitoshi," alijibu Mama Lusajo. "Mila ile kwako ilipita. Kwake ilikuta moyo wa wasiwasi. Kisha ukaja msiba ambao hakuulilia. Kisha akakaa muuza mihogo njiani. Kisha likaja neno mlafi. Vyote vimeshikana. Marehemu hakukosa. Alimtuliza mwanawe kwa alichokuwa nacho. Ila leo, Mama Firdausi, mkono ukienda kwenye chakula, jiulize kwanza: ni njaa au ni jambo? Ikiwa njaa, kula chakula chako. Ikiwa ni jambo, chakula hakitalifikia. Liseme. Au lia."

"Sijui kulia," alisema Swaumu.

"Utajua."

Wiki zilizofuata hazikuwa nyepesi. Swaumu alikuwa likizo ya ugonjwa, na muuza mihogo alikuwa mbali, lakini saa tisa na nusu ilimfuata hadi kitandani. Ikifika, kifua kilibana na mate yalijaa mdomoni. Firdausi alikuja akakaa kando yake. Siku nyingine walizungumza. Siku nyingine Swaumu alikasirika, akamfukuza. Siku moja alimtuma mtoto wa jirani amnunulie mandazi matatu, akayala yote peke yake. Jioni yeye mwenyewe alimwambia binti yake, bila kuulizwa. Firdausi alitaka kugomba, akajizuia.

"Asante kwa kusema, mama," alisema. "Kesho tuanze tena."

Latifu aliacha soda. Hakuacha kulalamika. "Ugali wa dona unanifanya nijione niko jeshini," alisema kila Jumamosi, na kila Jumamosi aliula.

Miezi miwili ilipopita, walikwenda Mzenga kwa khitma ya mwaka ya Bi Kudra. Baada ya kisomo, wanaume walikula barazani, wanawake ndani. Sinia la pilau likawekwa mbele ya Swaumu, Biasha na shangazi zake watatu. Kwenye sinia la watu watano huwezi kuona umekula kiasi gani. Mkono unaingia, unatoka, shimo linafukiwa na mkono wa mwenzako. Swaumu alikula haraka. Hakuinua macho. Kila upande ukutani aliona vitu vya mama yake: ungo, kinu kidogo, mkeka ulioachwa nusu bila kumaliziwa.

"Kula, mwanangu, umekonda," alisema shangazi mmoja. "Watasema Latifu hakulishi."

Biasha aliuona mkono wa wifi yake ukienda mbio. Zamani angesema neno. Safari hii alimsogelea, akanong'ona sikioni.

"Wifi. Ni njaa au ni mama?"

Mkono wa Swaumu ulisimama juu ya sinia. Punje za wali zilidondoka.

"Ni mama," alisema.

Kisha kilio kikatoka. Hakikuwa kilio cha adabu. Kilitoka chini, kama cha mtoto, na mwili wote ukatikisika. Shangazi walishtuka.

"Jamani, mwaka umeshapita. Mpeni maji. Mpeni nyama laini hii, atulie."

"Mwacheni," alisema Biasha. Alilisukuma sinia pembeni na kumshika wifi yake mabegani. "Mwaka mzima hajalia. Mwacheni alie."

Wakamwacha. Swaumu alilia hadi adhana ya alasiri. Alipomaliza uso ulikuwa umevimba, na pilau ilikuwa imepoa. Hakuitaka.

Mwezi mmoja baadaye ilifika Alhamisi ya kliniki, ya kwanza kwake tangu akatwe kidole. Jumanne na Jumatano Swaumu alikula kama siku zote. Asubuhi ile alikunywa chai yake isiyo na sukari kwa kiazi kitamu kimoja na yai. Nesi alimchoma kidole.

"Tisa nukta tatu," alisema. "Mama, mbona imepanda? Wewe ulikuwa mfano hapa."

"Zile za zamani zilikuwa za uongo," alisema Swaumu. "Nilikuwa nashinda njaa kabla ya kuja. Hii ndiyo yangu."

Nesi aliacha kuandika. Wagonjwa wawili kwenye benchi waliinamisha vichwa. Swaumu alielewa kwamba hakuwa peke yake aliyefanya hivyo.

Daktari alikuwa na majibu ya kipimo kikubwa mkononi.

"Nane nukta tano. Bado tuna safari. Lakini ulikuwa kumi na mbili." Alifungua bandeji. Alibonyeza ngozi mahali palipokuwa na kidole. Pale palikuwa pamefunga, ngozi mpya, nyembamba, ya rangi ya waridi. Alibonyeza tena pembeni, na nyuma ya kisigino.

Swaumu aliutazama uso wa daktari.

"Kidonda kimefunga," alisema daktari. "Ukague mguu huu kila siku, usitembee peku, na ukiona hata mchubuko uje siku hiyohiyo. Ukiendelea hivi, mguu unabaki."

"Sema tena, daktari."

"Mguu unabaki."

Swaumu aliinama. Alivaa soksi, akavaa kiatu kipana alichonunuliwa na Latifu, akafunga kamba mwenyewe. Kisha akasimama juu ya miguu yake miwili, akatoka.